Mwalimu Gervas, Safari Hii Aende Kweli

Baada ya miaka ishirini na miwili ya kutunga, kupiga kinanda na kuongoza kwaya yetu ya Kiswahili hapa Adelphi, nje kidogo ya Washington, Mwalimu Gervas Rweyendera anastaafu leo, Jumapili, tarehe 14 Juni 1998. Tangazo kama hili lilichapishwa katika jarida hili la kanisa mwaka juzi, likachapishwa tena mwaka jana, na mara zote mbili hakwenda popote. Kwa hiyo naliandika kwa woga kidogo.

Mwalimu alizaliwa Bukoba, akajifunza kinanda seminarini, akaja Washington mwaka 1976 kusomea utunzi wa muziki. Alihitimu vizuri, lakini watunzi hawatangaziwi kazi magazetini kama madereva, basi akaajiriwa kuegesha magari kwenye hoteli moja ya Alexandria, mji wa jirani. Ndani ya kibanda cha maegesho aliandika misa, zaburi za sauti nne, na kipande kirefu cha fidla ambacho sehemu yake ya pili inaanza na honi ya lori la mikate. Dereva alikuwa na haraka. Mwalimu akamwomba aipige tena, hakuwa na hakika kama ile ni nota ya fa au ya so. Dereva alimwita kichaa, halafu akapiga tena.

Kanisani tunamwita Mwalimu Mkazo. Anasema tenzi nyingi tulizorithi zinakibeba Kiswahili kichwa chini miguu juu, maana muziki unakanyaga silabi isiyotaka kukanyagwa. Yeye hutunga kwa kufuata mdomo wa msemaji. Wimbo wake mpya, atakaouachia kwaya leo, una mstari huu: “Katika barabara hii tulitembea barabara.” “Barabara” ya kwanza inaegemea silabi ya tatu, ya mwisho inaegemea ya pili. Sisi tuliokulia huku tunayaimba yote mawili sawasawa, Wakongo wanavuta mwisho, Wakenya wanakimbia. Mwalimu akatueleza: “La kwanza ni University Boulevard hapo nje. La pili ni namna ya kuivuka ukafika ng'ambo mzima.” Venuste, mwimba besi wetu kutoka Burundi, akajibu, “Basi Mwalimu, mimi nimeshagongwa.”

Kusema kweli, hapo ndipo tunapoanguka kila mara mazoezini, na tukianguka leo Mwalimu hataondoka. Mwaka juzi alimkabidhi fimbo ya kuongozea Carmen, dada yetu kutoka Bukavu, akakaa kitini kama mgeni. Katikati ya misa ya Pasaka sauti zikatawanyika. Mwalimu akainuka, akanyoosha mkono, akatukusanya. Jumatatu yake akafungua masanduku aliyokuwa ameyafunga kwa safari ya Bukoba. Mwaka jana yakawa yale yale. Mkewe, Mama Euphrasia, alichoka kungoja, akatangulia Bukoba mwezi wa nane. Mazoezi ya Jumamosi yakiisha, simu ya ofisi ya kanisa inalia, naye anauliza tumeimbaje. Siku moja niliipokea mimi. Nilikuwa nimejiandaa kujibu kwa Kiingereza, kama kawaida yangu nikiona haya, lakini yeye akasema tu, “Mwanangu, imbeni vizuri basi, nirudishiwe mume wangu.” 

Tiketi yake ya ndege ni ya keshokutwa. Kwaya nzima inajua kuwa amenunua ile inayoweza kubadilishwa tarehe.

Juzi Carmen alimwambia, “Mwalimu, mikono yangu inatetemeka, vraiment, kweli kabisa.” Mwalimu akaitazama mikono hiyo, akasema, “Yangu imetetemeka miaka yote hii, binti. Ninyi mkadhani naongoza.” Tulicheka, lakini baadaye hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kuchukua mkoba na kuondoka.

Naomba niseme jambo ambalo katika kwaya tunalinong'ona tu. Tunaogopa kukosea leo. Tunaogopa pia kutokosea, kwa sababu hapo hatakuwa na kisingizio cha kubaki. Wapo waliotamani, hata kwa dakika moja, kuukanyaga ule mstari vibaya makusudi, na mimi ni mmoja wao. Kisha naikumbuka ile sauti ya kwenye simu.

Mwalimu, asante kwa kila wimbo, na kwa kutufundisha kuimba Kiswahili bila kukiumiza. Umewekewa kiti mstari wa mbele. Tukiyumba, tafadhali kaa. Namaanisha kaa kitako, siyo kaa Marekani. Carmen atatushika, au tutajikokota wenyewe mpaka mwisho, lakini wewe usiinuke. Tunakuombea uzee wenye afya, kinanda kisichovuja upepo, na nyumba ambamo hakuna anayekuuliza utarudi lini. Jioni hii tutaimba kwa nguvu zetu zote, ili tukupoteze.