Shokapu za Gesi kwenye Buti la Taratibu

Kijiwe chetu kipo Kibaoni, mjini Ifakara, kando ya barabara iendayo Kivukoni, mbele ya banda ninaposhonea viatu. Ni benchi moja la mbao na gogo moja lililopasuliwa, na katikati yake anakaa Mzee Nazari na birika lake la kahawa juu ya makaa. Mwaka ule wa tisini na sita masika yalikuwa yamekwisha, mpunga umejaa mjini, na kila teksi ilikuwa na kazi kuanzia asubuhi. Moja tu ndiyo iliyokuwa imelala. Ilikuwa Pijo 404 nyeupe ya Deogratias, tuliyemwita Taratibu kwa sababu hakuwahi kuipita hata baiskeli bila kumsalimia kwanza mwenye nayo. Gari limeegeshwa ubavuni mwa benchi, na mwenyewe amekaa nasi, mkono wake wa kulia umelala mapajani.

Kilichompata tulikijua wote. Mvua zilipoanza alikuwa stesheni anashusha gunia la mchele la abiria. Springi za mfuniko wa buti, zile mbili zilizojipinda nyuma ya kiti, zilikuwa zimeliwa na kutu kwa uzee. Moja ikakatika, ya pili haikuweza peke yake, na mfuniko ukamshukia begani akiwa ameinama. Mfupa uliunga, lakini mkono ukagoma kupanda juu ya kifua. Na usukani wa gari lile unataka mabega mawili.

Mkewe Balbina, ambaye sisi tulimwita Mama Levina, alisema ataendesha yeye. Leseni alikuwa nayo. Mume mwenyewe ndiye aliyemfundisha, kwenye njia za mashambani kule Katindiuka, na kila msimu wa mavuno yeye ndiye aliyeleta mpunga wao nyumbani kwa gari hilohilo. Lakini kubeba abiria mjini ni habari nyingine, na kila ulipozuka mjadala Taratibu alikuwa na jibu moja.

— Mfuniko ule umenivunja mimi. Sitaki umvunje na yeye.

Basi Balbina akaenda mwenyewe kwa fundi Anselim, akamwambia anataka mfuniko usioanguka. Springi za gari la umri ule hazikupatikana Ifakara wala Morogoro. Anselim akamwomba ampe muda atafute kingine.

Asubuhi moja akaja. Aliegemeza baiskeli kwenye banda langu, akafungua kiroba, akatoa vyuma viwili vyembamba, vyeusi, mfano wa pampu za baiskeli. Balbina alikuwa nyuma yake, ufunguo wa gari umefungwa kwenye pindo la kanga.

— Shikamoo, Mzee Nazari, alisema Balbina.

— Marahaba, mwanangu. Hizo ndizo springi zenyewe?

— Si springi, mzee, akajibu Anselim. Zinaitwa shokapu za gesi. Nimezitoa kwenye mlango wa nyuma wa gari dogo la Kijapani lililopinduka njia ya Kidatu. Ndani kuna gesi imebanwa. Ukifungua buti, gesi inasukuma mfuniko juu na kuushikilia hukohuko.

Neno hilo gesi ndilo lililotuharibia asubuhi. Wa kwanza kulidaka alikuwa Beatus, mstaafu wa mashamba ya miwa, tuliyemwita Redio kwa kuwa kila habari humfikia kabla haijatokea.

— Gesi, na joto hili la Ifakara? Kule kwenye miwa tulisahau mtungi juani mchana mmoja tu. Jioni tukaukuta kijiji cha pili.

— Ulikwenda kwa miguu? nikamwuliza.

— Fundi viatu, wewe shona viatu.

Wa pili alikuwa Kelestini. Huyo alifanya kazi ya kufunga kamba za pantoni pale Kivukoni, basi jina lake likawa Kapteni, na siku ya mapumziko yake hatukupumzika sisi.

— Redio anaogopa kisichotisha, alisema. Kulipuka si tatizo. Tatizo ni wepesi. Gesi siku zote inataka kwenda juu, ndiyo maana puto linapaa. Sasa weka mbili nyuma ya gari. Nyuma inanyanyuka. Na Pijo inasukumwa na matairi ya nyuma. Utakanyaga mafuta weee, gari limekutazama tu.

— Kwa hiyo abiria wanene wakae nyuma, alisema Mzee Nazari.

— Hapo umenielewa.

— Na wembamba je?

— Wembamba wachukue baiskeli.

Anselim alikuwa ameshaingiza nusu ya mwili ndani ya buti, anafungua springi mbovu. Balbina aliushikilia mfuniko kwa mikono miwili, na Taratibu, kutoka kwenye benchi, hakuuondolea macho ule mfuniko.

— Na ikivuja je? Redio akaendelea. Inaingia ndani, abiria anasinzia. Mtu alikuwa anakwenda hospitali, anakuja kuzinduka yuko Mahenge milimani.

— Mahenge kuna baridi nzuri, nikasema. Atapona hukohuko.

— Mimi nikiona zinafaa, alisema Kapteni, nitamwomba fundi anitafutie nne. Nazifunga kwenye kona za pantoni. Mto ukifurika, tunapita juu ya viboko, wao chini wanatuangalia.

Mzee Nazari alicheka mpaka kahawa ikamwagika. Hata Anselim tulimsikia anacheka ndani ya buti. Taratibu hakucheka.

Fundi akakaza ncha moja ya kila shokapu kwenye bodi la gari na ya pili kwenye mfuniko, akatoka, akajifuta mikono.

— Mama Levina, achia.

Balbina akaachia. Mfuniko ukabaki juu. Tangu masika hatukuwa tumeuona umekaa juu bila fimbo. Kisha Anselim akauvuta kuufunga. Ulifika nusu, ukagoma. Akaukandamiza, ukashuka kidogo, alipolegeza ukapanda tena. Redio na Kapteni, ambao dakika chache kabla walikuwa wakiipinga gesi, wakainuka kwenda kupigana nayo. Walilala juu ya mfuniko wote wawili. Tukasikia bati linalia.

— Acheni jamani, alisema Balbina. Mtaukunja.

Wakaacha. Mfuniko ukapanda zake.

— Nilijua, alisema Taratibu.

Alilisema kwa sauti ya mtu aliyetuliwa mzigo. Tuliisikia sisi, na mkewe aliisikia.

— Ulijua nini, Baba Levina?

— Kwamba haitafaa. Tuliache tu gari lipumzike.

— Gari, au mimi?

Taratibu akaangalia kikombe chake. Balbina hakupaza sauti. Aliweka chini nati alizokuwa amezishika, moja baada ya nyingine, kwenye kipande cha gazeti.

— Kama unaogopa mfuniko, fundi yuko hapa. Kama unaogopa watu watasema Taratibu analishwa na mkewe, hilo Anselim hana spana yake.

Nilijikuta natia uzi kwenye sindano ambayo tayari ilikuwa na uzi. Mzee Nazari alipuliza makaa yasiyohitaji kupulizwa.

— Naogopa yote mawili, alisema Taratibu.

Balbina akaziokota tena zile nati.

— Basi tuanze na hili lenye spana.

Nilidhani Taratibu hatainuka. Tangu aumie alikuwa hajaligusa gari lile isipokuwa kulifuta vumbi kwa mbali, kama la mtu mwingine. Lakini aliweka kikombe chini, akaenda, akasimama pale nyuma, mahali palepale alipokuwa amesimama siku ile ya stesheni. Kisha akapitisha mkono wa kushoto ndani ya mfuniko, akipapasa bati kwa vidole mpaka karibu na bawaba.

— Anselim, ulipofunga hapa ni mbali. Gesi inapata nguvu kuliko sisi. Isogeze ncha ya juu ije huku kwenye bawaba.

— Nami nimeliona hilo, kaka, ila huko bati ni jembamba. Litachanika.

— Tulitilie chuma kwa nyuma.

Nilikuwa na kipande cha chuma bapa ninachokatia ngozi juu yake. Nikakitoa bila kuombwa. Anselim akakitoboa, akakipachika nyuma ya bati, na Taratibu akashikilia kwa mkono wake mzima wakati nati zinakazwa. Balbina alikuwa akiwapa spana. Walifanya kazi watatu bila maneno mengi, na sisi tuliobaki tukawa kama watu waliofika msibani bila kujua nani amekufa, hatujui tuzungumze nini.

— Funga, alisema Anselim.

Taratibu akausukuma mfuniko kwa mkono mmoja. Ukashuka kwa upole, ukajifunga. Tukasikia kitasa chake.

— Mama Levina, fungua.

Balbina akazungusha kitasa, akanyanyua kwa vidole viwili. Mfuniko ukapanda wenyewe, bila haraka, ukafika juu ukasimama. Akauangalia. Halafu akafanya jambo ambalo mimi nisingelifanya siku ile: akainama, akaingiza kichwa na mabega ndani ya buti, akaanza kupanga gurudumu la akiba.

Mkono wa kushoto wa Taratibu uliruka wenyewe, ukatanda juu ya kichwa cha mkewe, chini ya mfuniko. Alibaki hivyo. Mfuniko haukutikisika.

— Toa mkono, Baba Levina, alisema Balbina kutoka ndani. Unanizibia mwanga.

Akautoa. Hakuutoa mara moja. Aliushusha kidogo, akasubiri, akaushusha tena, mpaka ukafika ubavuni mwake.

— Ngojeni jua lipande, alisema Redio, lakini kwa sauti ya chini, na jua lilikuwa limeshapanda.

Tukiwa hivyohivyo, akaja mwanamke tusiyemfahamu, ana begi kubwa na beseni la vyombo lililofungwa kwa kanga. Alitusalimia, akatua mzigo.

— Samahani, nawahi pantoni. Hii teksi inafanya kazi?

— Inafanya, alisema Anselim.

— Dereva ni nani?

Swali dogo hivyo. Redio aliyejua habari za mitungi inayosafiri akatazama juu. Kapteni akajikuna shingo. Mimi nilimtazama Mzee Nazari, naye akanitazama mimi. Balbina alikuwa amesimama na ufunguo mkononi. Niliona kwamba jibu analo, ila hataki kulitoa yeye.

Yule mgeni akatuangalia mmoja mmoja, akidhani labda hatukumsikia.

— Nimeuliza dereva.

— Huyu hapa, alisema Taratibu. Akakohoa, akarudia. Huyu hapa, mke wangu. Usimharakishe tu, gari limetoka matengenezoni.

— Mimi shida yangu kufika, kaka.

Taratibu akalinyanyua beseni kwa mkono mmoja akaliweka ndani ya buti. Begi likaingizwa na Anselim. Mfuniko uliwasubiri juu mpaka walipomaliza.

— Twende wote? Balbina akamwuliza mumewe.

— Nenda. Nikikaa pembeni utaendesha kwa macho yangu.

Gari liliwaka mara ya kwanza tu. Pale kwa kinyozi watu walitoka na sabuni mashavuni kuangalia, na kijana mmoja wa kijiwe cha teksi akapiga mluzi. Balbina akamjibu kwa honi. Lilipoingia barabarani Taratibu alisimama, shingo ameielekeza Kivukoni.

— Gia ya pili, alisema. Sasa ya tatu. Hapo kwenye shimo apunguze. Amepunguza.

Tukasikiliza naye mpaka mlio ukapotea.

Muda wa kusubiri ulikuwa mrefu kuliko njia yenyewe. Redio alitaka tujadili kama gesi huchoka ikivuka daraja bovu, Kapteni akasema inategemea daraja, lakini mjadala haukushika moto. Taratibu alijaziwa kikombe, kikapoa. Alijaziwa kingine, nacho kikapoa.

Kisha tukaliona linakuja, jeupe, ndani vichwa vitatu. Halikusimama kwetu. Lilipita mpaka sokoni, na kwa mbali tulimwona Balbina anashuka, buti linafunguka, wanawake wawili wanatoa matenga yao ya samaki. Ndipo likageuka, likaja kusimama mbele ya benchi, tupu, linanuka samaki.

— Shemeji, kahawa, alisema Kapteni kwa heshima ambayo sikuwahi kumsikia nayo.

Mzee Nazari akainamisha birika. Likatoa matone na machicha.

— Imeisha, alisema. Leo mmeongea sana.

— Haidhuru, alisema Balbina. Baba Levina, twende tukale.

Taratibu akainuka, akaenda moja kwa moja kwenye mlango wa dereva, akashika kitasa. Balbina alikuwa bado ndani, amekaa, mikono juu ya usukani. Walitazamana kupitia dirishani. Akaachia kitasa, akazunguka mbele ya gari, akafungua mlango wa upande wa pili na kuketi. Alihangaika kidogo kupata pa kuweka miguu, kama mgeni aliyekaribishwa kwenye kiti kizuri. Jua la mchana lilikuwa limechemsha gari lote. Akashika mpini wa dirisha, akazungusha, akazungusha tena.

— Mama Levina, dirisha la huku halishuki.

— Halijawahi kushuka.

— Tangu lini?

— Tangu unioe.

Alilitazama lile dirisha. Halafu akaanza kucheka, kwanza puani, baadaye mwili mzima, akishikilia bega lake bovu kwa maumivu ya kicheko, na mkewe naye akalala juu ya usukani akicheka mpaka honi ikalia. Taratibu akafungua mlango kidogo apate hewa.

— Anselim, akaita. Kesho njoo na bisibisi.