Miaka Mitatu ya Pacha

Mama yetu uliyekaa hapo mbele, shemeji yangu, watoto, viongozi wa timu ya taifa ya vijana na nyinyi wachezaji mliokuja mmevaa jezi, familia imenipa mimi, mdogo wake, kazi ya kusoma historia ya kaka yangu ambaye wengi wenu mlimwita Pacha, na kabla sijafika mbali naomba ile karatasi mliyopewa mlangoni muikunje, muiweke mfukoni, kwa kuwa imeandikwa kufuata kitambulisho chake, inasema alizaliwa tarehe 2 Septemba 1974, na hiyo ni tarehe yangu.

Marehemu alizaliwa Jumapili tarehe 14 Machi 1971, nyumbani, mikononi mwa bibi, akiwa wa kwanza kati ya watoto watatu wa baba yetu fundi seremala na mama yetu mshonaji. Alianza shule ya msingi mwaka 1978, akamaliza 1984, akaendelea na sekondari hadi 1988, na mwalimu wake wa hesabu aliwahi kuandika kwenye ripoti kwamba akili kijana huyu anazo, ila zote zimehamia miguuni.

Mwaka 1993 kocha wa timu ya taifa ya vijana wa chini ya miaka ishirini alimwona akicheza beki wa kushoto, akamtaka hapo hapo, wakati kaka alishatimiza ishirini na miwili. Baba, Mungu amrehemu, hakutaka bahati itupite, akakitoa cheti changu cha kuzaliwa sandukuni, akakipeleka kwa jamaa yake mmoja, jina langu likafutwa, likaandikwa la kaka, namba na tarehe zikabaki zile zile, nami nikaja kupewa nakala yenye jina langu bila kuambiwa lolote. Alicheza mechi kumi na moja, na kila mechi tulishangilia redioni mpaka sauti zikakauka.

Jumanne tarehe 8 Machi 1994 timu hiyo hiyo ikaniita mimi, nikiwa na miaka yangu kumi na tisa ya halali kabisa. Katibu wa timu alifungua jalada, akakuta namba ya cheti changu tayari ina picha ya mtu mwingine, akaniuliza mbele za watu cheti hicho nimekiiba wapi. Kaka alikuwa amesimama dirishani, kwenye chumba cha kubadilishia nguo, viatu mkononi, tukatazamana, yeye akanyamaza, nami nikanyamaza, maana neno langu moja lingemfukuza yeye na kuifungia timu nzima. Nilitoka pale naitwa mwizi wa cheti changu mwenyewe, nikaenda kujifunza ufundi wa friji, na mpira sikuugusa tena. Iliniuma, jamani, wala sitasema uongo mbele ya jeneza lake.

Goti lake liliharibika mwezi Juni mwaka huo huo, na Februari 1996 akaajiriwa kuwa mtunza vifaa wa timu hiyo, kazi ya kufua jezi, kupanga soksi na kubeba mipira, akaifanya kwa miaka ishirini na saba. Watu walipouliza imekuwaje ndugu wawili wakawa na tarehe moja, mama alijibu kwamba ni mapacha, ila mmoja alichelewa kidogo njiani, na jina la Pacha likaanzia hapo. Kila tarehe 2 Septemba wenzake kazini walimnunulia keki, naye hakuikata hata siku moja, aliibeba nzima mpaka karakana yangu, akaiweka mezani katikati ya bisibisi na koili, akasema mzigo wako huu, tukala wote.

Alifunga ndoa Jumamosi tarehe 20 Desemba 1997, wakajaliwa watoto watatu, mabinti wawili, wa mwaka 1999 na 2002, na mvulana wa mwaka 2006, na mama watoto ndiye pekee, ukiacha sisi tuliozaliwa naye na wazazi, aliyejua umri wake wa kweli, akautunza miaka yote hiyo.

Nyinyi wachezaji mnaijua tabia yake, kwamba akikukabidhi jezi mara ya kwanza alikuuliza ghafla umezaliwa lini, na aliyeanza kuhesabu kwa macho hakumshtaki kwa mtu, alimkalisha juu ya sanduku la vifaa, akamuuliza kwa upole, wewe, una mdogo wako nyumbani? Wanne walifungasha mabegi yao wenyewe wakaondoka, na mmoja wao yupo hapa leo. Mimi nilidhani ni mizaha yake tu.

Figo zilianza kumsumbua Novemba 2022, akawa anasafishwa damu mara tatu kwa wiki, na mwezi Mei mwaka huu, 2024, alimwomba nesi aniletee kiti, akaniambia kwamba siku ile dirishani alifungua mdomo na sauti ikakataa kutoka, kisha akaniomba siku ya kumsomea nisome tarehe yake, yangu ananirudishia. Nikamwambia nilishaipokea zamani, kwani zile keki zote nilikuwa nakula za nini, akacheka mpaka nesi akaja kutufokea. Alifariki Jumanne tarehe 11 Juni 2024, saa nne asubuhi, mkono wake ukiwa mkononi mwa mkewe.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, yule nesi aliyetufokea akiwemo, majirani mliotupikia na kutubebea viti, na wafanyakazi wenzake ambao tangu jana mmekuwa mkifua zile jezi kama alivyowafundisha, kwa kuzigeuza ndani nje.

Kaka, kibao cha kaburi lako nimekiandika mwenyewe, nimeweka tarehe 14 Machi 1971, tunakuzika na miaka yako hamsini na mitatu, hatukupunguzii hata mmoja. Pumzika kwa amani, kaka yangu mkubwa.