Safari ya Olindo Tassinari, Fundi wa Luti wa Budrio

Kaka yangu Olindo alizaliwa hapa Budrio tarehe 9 Machi 1951, mtoto wa kwanza wa Gaudenzio, seremala, na Iole. Alibatizwa akiwa na siku nane tu, maana mama aliogopa kifua chake dhaifu.

Alisoma shule ya msingi hapa, kisha shule ya ufundi Bologna, akahitimu mwaka 1970. Huko ndiko alikoisikia luti mara ya kwanza, ala ya kale inayofanana na gitaa, ikipigwa kwa nyuzi za utumbo wa kondoo kama karne za kale. Akarudi akamwambia baba, "Mzee, meza zako nazipenda, ila haziimbi."

"Vizuri, bwana mkubwa," baba akamjibu. "Basi leo utakula juu ya luti."

Mwaka 1976 alifungua karakana. Alitengeneza luti kwa vipimo vya mafundi wa kale, mbavu za mbao nyembamba kama ganda la yai, na gundi ya ngozi aliyoichemsha mwenyewe. Gundi ya zamani aliitambua kwa ulimi: huonja, hutema, hutaja ni ya mnyama gani.

Tarehe 17 Novemba 1979 alifunga ndoa na Loretta Bonfà. Alikuwa ameahidi kumpigia luti altareni, lakini ukungu wa asubuhi ulilegeza nyuzi. Alikaza, zikalegea, akakaza tena. Padri akamwuliza, "Bwana harusi, nikufungishe ndoa na huyu au na hiyo?"

Loretta akasema kwa sauti, "Baba Padri, mwache. Mimi ni mke wa pili na nimekubali."

Mwaka 1985 Mungu aliwajalia binti, Agnese, ambaye alimfuata baba yake katika kazi.

Januari 2022 waliletewa luti ya kale iliyokaa miaka mingi darini. Olindo alipoubandua ubao wake wa juu alikuta unga mweupe kwenye mishono. Akadhani ni gundi iliyokauka, akaonja.

"Haina ladha kabisa," alimwambia Agnese. "Hebu onja na wewe."

Agnese akaonja. Mwaka mzima waliukwangua na kuupuliza kwa midomo. Pasaka ya 2023 Agnese aliipiga luti ile katika kanisa hili. Ilitoa sauti tamu, nami leo nikiikumbuka, Mungu anisamehe, natamani isingelia kamwe.

Kiangazi hicho vidole vya Olindo vikafa ganzi, viganja vikawa vigumu, kucha zikatoka mistari myeupe. Agnese akaendelea na kazi peke yake kwenye benchi lile lile. Oktoba unga ulipimwa, ukaonekana ni aseniki, sumu ambayo watu wa zamani walinyunyizia mbao kuua wadudu. Ini la Olindo lilikuwa limekwisha haribika.

Siku tatu kabla ya mwisho alimwambia binti yake, "Nionyeshe kucha zako."

"Nimezipaka rangi tu, baba."

"Wewe? Tangu lini unapaka rangi?"

Agnese akaficha mikono nyuma. Olindo aligeukia ukutani akalia, akasali rozari hadi sauti ikakatika. Alifariki tarehe 6 Februari 2024, akiwa amepokea sakramenti zote.

Ameacha mke, Loretta. Mimi dada yake, Norma. Na Agnese, aliyelazwa tangu Jumapili, ndiyo maana kiti kilicho kando ya Loretta kiko wazi. Majibu ya vipimo vyake yatatoka Alhamisi.

Bwana, mpumzishe Olindo katika amani yako. Huyu mmoja anatosha.