Mji Wenye Mizani

Muuguzi alitoka zamu ya usiku akiwa amepanga kusinzia ndani ya basi la pwani mpaka kituo cha mwisho, lakini kiti cha mbele yake kilikaliwa na dereva wa malori aliyestaafu juzi, pamoja na mkewe, na ramani iliyowafunika mapajani kama shuka.

“Saa mbili tunapita mji mkongwe,” mzee alisema, akiigonga ramani kwa kalamu. “Saa nne, kijiji cha kwanza cha pwani. Saa tano na robo, cha pili.”

“Tunapita?” mkewe akauliza. “Baba, hii ni likizo au unapeleka saruji?”

“Njia hiyo naijua nje ndani. Miaka thelathini!”

“Haya, huo mji mkongwe una nini?”

Mzee akafikiri. Muuguzi, ambaye hakuna aliyemuuliza, akatega sikio.

“Una mizani ya malori. Foleni yake usiombe.”

“Na vijiji?”

“Cha kwanza kina matuta manne. Cha pili hakina kitu, unapita moja kwa moja.”

Mkewe akamtazama kama mtu aliyeuziwa mbuzi kwenye gunia. “Miaka thelathini najiliwaza kwamba walau mmoja wetu anaiona dunia. Kumbe ulikuwa unaona lami!”

“Ningesimama, mzigo ungefikaje?”

“Na sasa mzigo uko wapi?”

Basi likasimama kwenye mji mkongwe. Mke akashuka bila kugeuka nyuma. Mzee alibaki kitini, akatazama saa yake, kisha akapaza sauti: “Dereva! Umechelewa dakika nne!”