Dirisha la Stoo ya Mwalimu Kathodi

Ndugu na jamaa, na ninyi wanafunzi wake mliojazana hadi kwenye ngazi, marehemu tunayemzika leo alizaliwa tarehe 14 Machi 1961, katika chumba kilichokuwa nyuma ya karakana ya baba yake, fundi wa kuchomelea, mtu ambaye mkono wake ulitangulia neno, na mpira wa gesi ndio uliokuwa fimbo ya nyumba hiyo.

Alisoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1968 hadi 1974, kisha sekondari, ambako mwaka 1976, katika ugomvi wa kugombea dawati, mwenzake alimmwagia maji ya betri mkononi, ngozi ikabanduka kama ganda la kiazi, naye alipotoka hospitali aliuliza kwanza ndani ya yale maji mna nini, na pili aliyemmwagia anakaa wapi. Swali la pili lilimgharimu yule kijana meno mawili, la kwanza lilimfikisha marehemu chuo kikuu, akahitimu shahada ya ualimu wa kemia mwaka 1985.

Tarehe 6 Januari 1986 alianza kufundisha, na kwenye ukuta wa maabara akaandika kwa rangi nyekundu milinganyo minne ya elektrokemia: kwamba volti za seli ni za kathodi ukitoa za anodi, kwamba nishati huru ni hasi n mara F mara E, ule wa Nernst unaoonyesha volti zinavyobadilika kemikali zikikolea au kupungua, na ule wa Faraday, mkondo mara muda, gawa kwa idadi ya elektroni mara F, upate moli. Aliyesahau ile hasi alichapwa, aliyegeuza kathodi na anodi alichapwa zaidi, na ndiyo maana mlimwita Mwalimu Kathodi, kwa kunong'ona, mkishika makalio.

Alifunga ndoa tarehe 12 Agosti 1989 na muuguzi, wakajaliwa watoto watatu, na siku alipomchapa kifungua mimba hadi damu kwa kukosea hesabu ya moli, mkewe alimpokonya fimbo, akamtandika nayo mgongoni mpaka ikakatika, akamwambia, "Baba Watoto, hii ilikuwa ya mwisho, yako na yake." Ikawa kweli. Mikono ilitulia, mdomo haukutulia.

Alistaafu mwaka 2021, akafungua pamoja na kifungua mimba huyo duka la kuchaji betri za magari, lenye stoo ya kuchajia isiyotosha vitanda viwili. Betri ikichajiwa kupita kiasi hutoa hidrojeni, gesi inayolipuka kwa cheche moja, na hidrojeni inataka dirisha. Mchana wa tarehe 3 Juni 2023 mvua ilikuwa ikirushia nyaya maji, baba akafunga dirisha, mwana akafungua, baba akafunga tena, wakashikana mashati mtaa mzima ukiona.

"Mzee, utatulipua!"

"Wewe wa kunifundisha mimi Faraday? Ampia kumi kwa muda wa saa tatu ni lita kumi na tatu, haijazi hata ndoo!"

Mwana akatupa funguo chini, akaondoka akisema, "Basi lipuka peke yako." Maneno hayo ndiyo majirani waliyoyasikia. Alasiri marehemu alipochomoa waya cheche iliruka, paa likang'oka, betri zikapasuka, tindikali na vipande vya plastiki vikamchana uso, na kabla moshi haujatulia watu walikuwa wamemkamata mwana, wanampiga nondo, "Muuaji! Muuaji!", mpaka mkono ukavunjika mahali pawili. Hadi jana wapo waliosema asikanyage makaburini.

Marehemu alilazwa wodi ya majeraha ya moto, amefungwa bandeji hadi machoni, na asubuhi ya tarehe 8 Juni alimwita mkewe, akasema, kila neno likitoka na damu, "Betri nane. Kila moja seli sita. Mkondo uleule unapita zote. Nilipiga hesabu ya seli moja, Mama Watoto, sikuzidisha. Ni lita mia sita na zaidi. Dirisha nilifunga mimi. Mwacheni mtoto." Binti yake wa pili, anayewasomea historia hii, alikuwepo, amerudia hesabu hiyo kila siku tangu hapo, na jibu ni lilelile. Marehemu alifariki tarehe 9 Juni 2023, saa nne asubuhi.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, walimu wenzake, na majirani waliozima moto kwa ndoo. Na ninyi mlioshika nondo, mnajijua, tunawaomba msogee, mumpishe kifungua mimba, mkono mmoja uko kwenye plasta lakini wa pili unatosha kutupa udongo wa kwanza.

Pumzika kwa amani, Mwalimu. Safari hii dirisha tumeliacha wazi.