Punda Aliyekimbilia Uganda

Haya niliyasikia kwa masikio yangu haya mawili, na kama nimetia chumvi hata chembe, nisiamke kesho. Tulikuwa abiria watatu kwenye tuktuk, kutoka Mundika kwenda mpakani. Jerusha, mama wa mkokoteni, alikuwa akimweleza kijana asiyemjua habari za mbio za punda za Jumamosi.

"Punda wangu alikuwa mbele ya wote. Kufika kwa njia ya panya, akakata kona, akavuka mto na mtu mgongoni. Sasa askari wa Uganda wamemfungia punda ng'ambo. Watoto nitawalisha na nini?"

"Si ni wewe umemzoesha kupitisha sukari huko, mama? Alidhani yuko kazini."

"Haendi bila kuitwa. Kuna mtu alipiga mluzi, ule wetu wa kusema hakuna askari."

"Punda ni punda tu. Usisingizie watu."

"Wewe hujui hiyo mluzi, nyamaza."

Nikaona kijana anakosa elimu. Nikatia vidole mdomoni, nikaupiga: mmoja mrefu, miwili mifupi.

Jerusha akageuka polepole. "Mzee, Jumamosi ulikuwa wapi?"

"Funyula, kwa matanga," nikasema. Yeye alikuwa akiitazama kofia yangu, ile iliyogawiwa watazamaji wa mbio.

Mpakani tuktuk ikasimama. Nikawalipia nauli wote wawili, nikidhani yameisha. Jerusha akanishika mkono wa koti.

"Kitambulisho uko nayo? Twende ng'ambo ukampigie tena, arudi."