Msiandike "Baba Mwenye Upendo"

Fungeni kwanza hilo dirisha la upande wa kiwanda, unga wa mbao unanikaba, kisha kaeni mahali nitakapowaona wote bila kugeuza shingo. Faustina, mke wangu, kaa hapa miguuni. Eveline, acha simu. Na wewe Shadrack, mwanangu wa kwanza, kaa popote unapotaka, hata hapo mlangoni, mradi unasikia. Nimebakiwa na pumzi kidogo na sitaki kukatizwa; mkinikatiza nitasahau nilipofika, mje kugawana vitu vyangu kwa makelele.

Vitu vyenyewe si vingi. Nyumba hii ya Mafinga ni ya mama yenu, na asije mtu wa ukoo kutoka Usangu kumwambia ahame. Atakayejaribu aonyeshwe karatasi iliyoko kwa mwenyekiti wa mtaa. Shamba la paini ni la Shadrack na Eveline, nusu kwa nusu, wala msikate ile miti kabla haijakomaa kwa sababu tu jirani kakata yake. Nimekuwa karani wa kiwanda cha mbao miaka thelathini na moja, nimeona watu wengi wakiuza miti michanga halafu wanalia. Hayo yameisha. Sasa nisikilizeni kwa lile hasa lililonifanya niwaite.

Mnajua kwamba hapa mtaani mtu akifa, kabla hata jeneza halijapigwa msumari, wanakuja kwangu: "Mzee Ngolo, tuandikie historia ya marehemu, wewe una mwandiko." Nami nimeandika, wanangu, nimeandika mpaka nikachoka. Mlevi nikamwita mcheshi. Mama aliyegombana na kila jirani nikamwita mtu mwenye msimamo. Kila baba aliyezikwa mtaa huu, kwa kalamu yangu, alikuwa baba mwenye upendo. Watu wanalia, mchungaji anaitikia, tunakula wali, tunarudi makwetu. Sikuona ubaya wake mpaka alipofariki babu yenu Nkuba, baba yangu mzazi, nikapewa kalamu tena.

Ninyi Nkuba mlimkuta mzee mpole anayewagawia karanga. Mimi nilimjua. Nikiwa na miaka tisa, mwaka wa pili tangu tuhamie Usangu na ng'ombe wetu kutoka Usukumani, nilisinzia malishoni, ndama akazama kwenye matope ya mbuga. Baba hakunichapa. Laiti angenichapa! Alisimama mbele ya watu wote wa kaya akasema, "Kuanzia leo huyu hayupo. Mtu asimsemeshe." Na kweli, hakunisemesha mtu, tangu kupandikiza mpunga mpaka kuuvuna. Mama yangu mzazi alikuwa ananiwekea chakula karibu na mlango, anageuka. Ikabidi niwe naongea na ng'ombe, maana nilianza kuogopa kwamba labda kweli sipo. Huyo ndiye niliyekwenda kumwandika, "hakubagua mtoto," nikasoma kaburini kwa sauti kubwa, nikasifiwa. Wakati wa kurudi, basi liliposimama Makambako, nilishuka nikatapika mpaka kondakta akadhani nina malaria.

Mama yenu ndiye aliyenipa dawa. "Kila siku unaandika ya watu," akaniambia, "hebu andika yako, na usiyapambe." Akaninunulia kaunta buku. Lo! Mimi niliyekuwa namaliza historia ya mtu kwa nusu saa, ukurasa wa kwanza ulinichukua wiki mbili. Nikaandika harufu ya zizi, nikaandika mgongo wa mama alipokuwa akigeuka, na kadiri nilivyoandika ndivyo usingizi wangu ulivyokuwa unarudi. Macho yaliponiishia nguvu, Eveline akawa ananisomea nilichoandika ili nisahihishe. Nilipokuwa nasoma mwenyewe nilikuwa naona aibu, lakini nilipomsikia yule mtoto niliyekuwa mimi kwa sauti ya binti yangu, nilimwonea huruma, mara ya kwanza kwa miaka sitini. Nililia mbele ya mwanangu wala sikujificha.

Kisha tukafika pale pa kutosemeshwa. Eveline akarudia mstari kimoyomoyo, akaniuliza, "Baba, mbona hapa umeandika habari za Kaka?"

Nilimwambia afunge kitabu. Sikuandika tena kwa siku nyingi.

Shadrack, ulipofeli mtihani wa kidato cha pili, sikukuchapa. Nilijisifu kwa hilo, nikawaambia wenzangu kiwandani kwamba mimi si baba wa fimbo. Nilikaa nawe meza moja mwaka mmoja na miezi saba, nikimwambia mama yako, "Mwambie huyo apishe," "Muulize huyo chumvi kaiweka wapi." Jina lako sikulitaja. Ulipofunga begi kwenda Mbeya kujifunza useremala, ulisimama hapo uani ukasema, "Baba, naenda," nami nikaendelea kusoma gazeti. Nilikusikia. Nataka ujue kwamba siku ile nilikusikia.

Lile kaunta buku nililituma kwako Mbeya ili ujue nilichokijua mimi nikiwa na miaka tisa, na bado nikakutendea yaleyale. Miezi minne hukujibu. Jana umeingia, umeliweka hapa kitandani, hujasema neno, na mimi sidai. Mimi ni nani hata nikudai maneno?

Faustina, ninyanyue kidogo. Hapo. Hapo panatosha.

Maagizo yangu ya mwisho ni haya. Historia yangu asiandike mzee wa kanisa wala kamati ya mazishi. Aandike Shadrack. Na msiandike "baba mwenye upendo" kwa mazoea. Kama si kweli, liacheni. Ile miaka yako, mwanangu, iandike ilivyokuwa, usinipambe, usinionee haya. Ukitaka isomwe kaburini, isomwe; ukitaka iishie humu ndani, iishie humu. Ni mali yako, sina amri juu yake.

Baraka yangu nawapa sasa hivi, kabla hujaandika hata mstari, usije ukadhani nanunua huruma yako. Mungu akubariki, Shadrack. Akubariki, Eveline. Watoto wenu wawasemeshe bila woga, nanyi muwaitikie, hata siku mtakapokuwa mmekasirika... hasa siku hiyo. Nimelitaja jina lako, umesikia? Shadrack. Shadrack wangu.

Pumzi inakata... Nina ombi moja, na unaweza kulikataa. Wale marehemu wote niliowaandikia, hakuna hata mmoja aliyesikia kilichosomwa. Mimi nataka kusikia. Mdogo wako ana kalamu... Sogea, baba, toka hapo mlangoni. Hata mstari mmoja... hata wa hasira. Andika, unisomee. Nikifumba macho usiache, nitakuwa nasikiliza...

Nisemeshe, mwanangu.